Mwanawetu Aliyeninyang'anya Wagonjwa

Watu wakimsifu Mwanawetu mbele yangu, mimi hutikisa kichwa kukubali, kisha naomba waniongezee chai ili wabadilishe mazungumzo. Si kwamba wanasema uongo. Alikuwa mwema. Ila mimi ndiye niliyefanya kazi naye miaka minne na nusu, kitanda kwa kitanda, na ninajua jinsi wema wake ulivyonitesa. Kwa hiyo nikiombwa nimwandike, nitamwandika na wivu wangu wote, maana nikiutoa wivu nitakuwa naandika habari za mtu mwingine.

Hata Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata kwake. Changu mwenyewe kilikuwa cha nyumba za polisi, cha kuamrisha na kutukana, na nilimwonea wivu kwa hicho pia.

Mimi ni Rosalba, mke wa Onen, mama yake Ayot, Mwacholi. Wakati huo nilikuwa mhudumu katika nyumba ya masista iliyokuwa mteremkoni Makindye. Vitanda kumi na viwili. Hospitali ikishasema "mrudisheni nyumbani," na nyumbani kukawa hakuna mtu, au mtu yupo lakini amechoka, mgonjwa aliletwa kwetu. Hakuna aliyetoka amepona. Watu wa mtaani waliiita Nyumba ya Kungoja, na wakifika langoni petu walihamia upande wa pili wa barabara.

Sista mkuu aliitwa Marie-Louise, mzungu aliyeota mvi Kongo kabla ya kuja Kampala. Kiswahili chake cha Kongo ndicho kilichotuunganisha, kwa sababu wagonjwa wetu walitoka kila kona na hakuna aliyejua lugha zao zote. Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona mahali pengine. Kila kitanda kilikuwa na kibao kidogo cheusi upande wa miguuni. Mgonjwa akishaizoea nyumba, Sista alikaa karibu naye akamwuliza polepole, "Siku yako ikifika, unapenda mukono ya nani?" Mgonjwa alitaja mtu, na jina la mtu huyo likaandikwa kwa chaki. Tangu hapo huyo ndiye aliyemwogesha na kumlisha, na saa ikifika, kengele ikigongwa, huyo ndiye aliyeacha kila kitu akaja kukaa naye. Mgonjwa aliruhusiwa kubadili jina wakati wowote bila kuulizwa sababu. Sista alisema anayekufa hana tena kitu kingine cha kuchagua, basi tumwachie hicho.

Mwanzoni mwa mwaka 1974 vibao tisa kati ya kumi na viwili vilikuwa na jina langu. Nilivihesabu kila asubuhi nikiingia. Wengine wana ng'ombe, mimi nilikuwa na vibao.

Nilikuwa nimeanza kazi hiyo mwaka 1972, mwezi mmoja baada ya kumpoteza Onen. Yeye alikuwa polisi, tukikaa Nsambya katika nyumba za askari. Wanaume wawili walikuja asubuhi wakamwambia anahitajika mahali kwa maelezo kidogo. Alimalizia chai yake akiwa amesimama, akaondoka nao. Hakurudi. Miezi ile Wacholi wengi walichukuliwa hivyo na watu wa serikali, hawakurudi. Hakuna aliyeniletea maiti wala habari, niliambiwa tu nihame, kwa sababu nyumba ni ya askari na askari hayupo. Matanga hatukuweka. Kuweka matanga ilikuwa kusema ameuawa, na kusema ameuawa ilikuwa kumnyooshea mtu kidole, na mimi nilikuwa na mtoto wa miaka mitano.

Basi nikaingia kwa masista nikiwa moto. Kila mgonjwa nilimshika kana kwamba ndiye Onen. Nilijiambia kwamba nikimtunza huyu vizuri, huko aliko Onen kuna mtu anayemtunza yeye. Yalikuwa mawazo ya kijinga, lakini yalinisukuma miaka miwili, na wagonjwa waliona, ndiyo maana walinichagua.

Kisha moto ukazimika. Hapakuwa na tukio. Siku moja nilikuwa namfumba macho kijana aliyekuwa amekata roho mikononi mwangu, nikajikuta nawaza kama maharage niliyoacha nyumbani yamechacha. Nilishtuka kidogo. Mara ya pili sikushtuka. Baada ya hapo nilifanya kila kitu kama inavyotakiwa, maji ya uvuguvugu, shuka iliyonyooka, neno la upole kila baada ya muda, na ndani yangu kukawa kimya. Walikuwapo waliochelewa kufa nikawakasirikia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Na nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Ayot alipata homa kali, akalia usiku kucha, nami nikamwambia, "Kama hufi, nyamaza." Asubuhi akaniuliza kama mtu akiwa mgonjwa sana kabisa, wa kwenda kwa masista, ndipo mama yake anamshika mkono. Mtoto wangu alikuwa anawaonea wivu watu wenye saratani.

Katikati ya hali hiyo akaja Mwanawetu.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mwenye mwendo wa polepole, leso moja kiunoni na nyingine kichwani. Babu yake alikuja na misafara kutoka pwani siku za zamani, akaoa, akabaki. Baba yake alifundisha Kurani. Mwanawe Tajudin alikuwa na kiduka cha nyuzi na vifungo Kabalagala. Yeye mwenyewe alikuwa amemuuguza mama mkwe miaka saba na mume miwili, wakafia mikononi mwake. Nilipomwona langoni nilimkaribisha kwa maneno haya: "Wewe nakuja fanya nini hapa? Hapa si pahali ya kupumzika."

"Nimekuja kufua, dada," akasema. "Sista kaniambia nifue."

Kweli aliajiriwa kufua. Wiki ya tatu mgonjwa mmoja alimwona kupitia dirisha akianika shuka, akamwambia Sista anamtaka yule mama wa kamba ya nguo. Sista akafuta jina langu. Nikabaki na vibao vinane.

Kilichoniudhi zaidi ni machozi. Yule mgonjwa wake wa kwanza alipofariki, Mwanawetu alilia kama amefiwa na ndugu wa tumbo moja. Hakupiga kelele. Machozi yalimtiririka tu hadi kidevuni, na huku mikono ikiendelea na kazi. Nikasema moyoni, haya ni maonyesho. Siku chache baadaye akafa wa pili, akalia tena vilevile. Nikasema ana dawa. Alipokwenda kuswali niliipekua mifuko ya gauni lake la kazi nikitafuta kitunguu, au ile dawa ya mafua inayowasha macho. Nilikuta tasbihi, kipande cha muhogo wa kukaanga na kitambaa kilicholowa. Nilikibana kile kitambaa kikatoa maji. Ningependa kusema niliona aibu, lakini niliona wivu. Mimi sikuwa nimetoa chozi hata moja tangu Onen amalizie chai yake. Yule alikuwa nayo mengi hata anawapa watu aliowajua kwa siku kumi.

Nilimwonea wivu kwa kila kitu. Wakati ule sukari ilikuwa haionekani, nami nikajiaminisha kwamba yeye, kwa kuwa ni Mwislamu na serikali ilikuwa yao, anapelekewa sukari mlangoni. Nikamwambia hivyo mbele ya watu. Kesho yake alinialika kwake, nikanywa naye chai kavu ambayo haikuwahi kuonja sukari tangu Pasaka. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Mwaka 1975 nikabaki na vibao vitano. Mwaka uliofuata, viwili. Kisha kimoja.

Hicho kimoja kilikuwa cha Mzee Owuor, fundi wa injini za reli, Mjaluo wa Kisumu aliyekaa Kampala miaka thelathini. Mwaka ule Wakenya walikuwa wanakimbilia kwao na ndugu zake hawakuthubutu kuvuka mpaka, hivyo hakuwa na mtu ila sisi. Nilimng'ang'ania. Nilimpelekea uji kabla ya wote. Nilikuwa nimefikia mahali pa kuamini kwamba pasipobaki mtu hata mmoja anayekufa akanitaka mimi, basi mimi si mtu tena, ni beseni tu linalotembea. Kitu hicho tu nilikuwa nakitaka duniani, mtu mmoja anitake. Wala si kwa sababu nilimpenda.

Asubuhi moja nikakuta kibao chake kimeandikwa jina la Mwanawetu.

Hatukuruhusiwa kuuliza. Nikauliza. "Mzee, nani nakupa uji? Nani nakugeuza? Si mimi?"

"Ni wewe, mama." Alikuwa anaongea kwa shida, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Mkono yako ni nzuri. Hainiumizi. Lakini wewe mwenyewe hauko. Naongea na wewe, naona uko mbali kabisa. Mimi nimekaa peke yangu miaka mingi kwa reli. Sitaki kufa peke yangu na mtu amenishika."

Nilimnyooshea shuka yake, nikatoka, nikaenda chooni nikapiga ukuta hadi mkono ukavimba.

Mzee Owuor alikufa wiki iyo hiyo, Mwanawetu akiwa pembeni, akilia. Nikabaki sina kibao. Nilipita kati ya vitanda asubuhi nikisoma jina lake, jina lake, jina lake, na mara mojamoja la mhudumu mwingine, msichana aliyekuwa hata hajui kukunja kona ya shuka.

Ndipo nilipofanya nililofanya kwa Bi Mariamu.

Huyu alikuwa ajuza wa Kiislamu, mwembamba, aliyeletwa na majirani. Alipofika aliweza kusema, na alimchagua Mwanawetu siku ya kwanza, kama ilivyotarajiwa. Sote tulijua sababu. Muumini wao akikaribia kukata roho, mtu humsomea shahada sikioni ili aifuate, maneno yawe ya mwisho mdomoni mwake. Katika nyumba yetu ni Mwanawetu tu aliyeweza kufanya hivyo. Bi Mariamu alishukuru Mungu kumkuta. Baada ya siku sita ulimi ukafungika, asiweze kusema kitu, akawa anatazama tu.

Nilimchagua yeye kwa sababu hakuweza kusema. Wengine wote wangemwambia Sista. Asubuhi, kabla wenzangu hawajaingia, nililowesha pindo la gauni nikafuta jina la Mwanawetu, nikaandika langu. Sista alikuwa haoni vizuri tena na mambo mengi yalimchanganya, kwa hiyo aliviamini vibao kuliko kumbukumbu yake. Kuhusu Mwanawetu sikuwa na wasiwasi. Nilijua amesoma Kurani kwa baba yake na hakuwahi kwenda shule, nikadhani herufi hizi zetu kwake ni mistari tu.

Alikuja, akasimama miguuni pa kitanda, akakitazama kibao kwa muda. Kisha akaenda kuloweka nguo.

Saa saba hivi ikaja habari kwamba kuna duka Kabalagala limepata sabuni. Ulikuwa mwezi wa pili tunafulia majivu. Sista akauliza nani anaweza kwenda kupanga foleni. Bi Mariamu alikuwa anahema vibaya tangu asubuhi, na yeyote mwenye jina kwenye kibao cha bibi huyo asingeondoka. Mwanawetu akasema, "Nitakwenda mimi."

Nilimwona akiteremka na kikapu chake, nikafurahi. Kumbe ana macho lakini hasomi, nilijiambia.

Kengele iligongwa saa tisa.

Nilikaa, nikaushika mkono wa Bi Mariamu kwa ustadi wote niliokuwa nao. Sista alisimama upande wa pili. Bi Mariamu akanitazama, kisha akatazama mlango. Akanitazama tena, akatazama mlango. Halafu kidole chake cha shahada kikaanza kujiinua kwenye blanketi, kikianguka, kikijiinua.

"Anatafuta nini?" Sista akauliza.

Nilijua anachotafuta. Na aliyeweza kumpa alikuwa kwenye foleni ya sabuni kwa sababu yangu.

Katika miaka miwili nilikuwa nimesikia yale maneno mara nyingi kupitia pazia, nikiwa nimejibanza nikisikiliza Mwanawetu anafanya nini ambacho mimi sifanyi. Nilikuwa nayo kichwani bila kuyataka. Rozari yangu ilikuwa mfukoni. Nikamwambia Sista, "Anataka maneno yao. Mimi nayajua kidogo."

Sista alinitazama. "Kama unayajua," akasema, "umupe."

Nikainama sikioni mwake, nikasema, La ilaha illa llah. Ulimi wangu wa Kiacholi uliyagonga kama gari kwenye mawe. Macho yake yakaacha mlango. Nikasema tena, na jina la Mtume baada yake, na midomo yake ikaanza kunifuata, bila sauti, nusu neno nyuma yangu. Mara ya tatu nilifika mwisho peke yangu.

Nilisubiri nisikie kitu moyoni. Nilikuwa nimeshampata, mgonjwa wangu mwenyewe, wala hakuna mwingine aliyemgusa. Na nilichosikia kikanipanda kutoka tumboni kikiwa kichungu. Ulikuwa wivu, na safari hii si kwa Mwanawetu. Nilimwonea wivu marehemu. Yeye, ajuza asiye na ndugu, alikuwa amepata mtu wa kumwekea neno la dini yake sikioni. Onen wangu alikuwa amebatizwa, alijua sala zote za Kiacholi kwa moyo, na sijui alisikia nini mwisho wake, au alimtazama nani, au kama palikuwa na mlango wa kutazama.

Mwanawetu alirudi saa kumi na moja na miche miwili ya sabuni. Nilikuwa nimekaa bado pale kitandani. Niliinuka ili nimwambie, kwa sababu nilijua lazima nimwambie, nikaanza, "Hii kibao, mimi ndiyo niliandika..."

"Niliona," akasema.

"Unajua kusoma?"

"Tajudin alinifundisha alipokuwa darasa la pili. Najua jina langu, na lako najua, Rosalba. Nimelisoma likifutwa mara ngapi?" Akaweka kikapu chini. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, sijawahi kuyaona hivyo. "Foleni ilikwisha saa tisa kasoro. Ningewahi. Nilizunguka Kabalagala na sabuni kikapuni, nikatazama nguo za madirishani, nikanunua ndizi sikuila. Niliomba anitangulie kabla sijarudi. Muislamu mwenzangu, ajuza, aliniamini mimi, na mimi nikaomba nisimkute."

Sikuelewa. Nikamwambia yeye ndiye mwenye huruma, yeye ndiye analia.

"Nalia!" Alicheka, kicheko kibaya. "Nalia wali ukiungua. Juzi nimemlilia kuku wa jirani. Yanatoka tu, dada, kama jipu lililopasuka, hayana huruma ndani. Kila ninayemzika wananipa wawili. Nikiingia asubuhi nikiona jina langu kwenye vibao naomba lifutwe. Mjukuu wangu akinipandia mapajani natamani kumsukuma. Unajua nilikuwa namtazama nani kwa wivu humu ndani? Wewe. Unawafumba macho, unanawa, unakwenda zako. Nilisema, Mola, kwa nini hukunipa moyo kama wa yule Mwacholi."

Tulimwacha Bi Mariamu kati yetu, wanawake wawili tuliomtupa, mmoja kwa kumtaka sana na mwingine kwa kumkimbia. Nilitaka kumchukia Mwanawetu zaidi, maana sasa nilikuwa na haki. Nguvu hazikuwapo.

Maiti ilihitaji kuoshwa kabla ya kuzikwa, na kazi hiyo kwao ni ya Mwislamu. Lakini mwoshaji anahitaji mtu wa kumpa maji. Mwanawetu alinikabidhi birika. "Wewe mimina tu," akasema. "Mimina polepole."

Nikamimina. Tulipofika miguuni, bila kuinua kichwa, akaniuliza, "Mumeo aliitwa nani?"

Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka miwili. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Watu waliogopa jibu.

"Onen," nikasema.

"Umemwosha?"

"Sijamwona."

Aliendelea kuosha, na mimi nikaendelea kumimina hadi maji yakaisha.

Tulimwambia Sista yote siku hiyo hiyo. Nilitegemea kufukuzwa. Akavua miwani yake akaifuta, akasema kosa ni lake, kwa sababu aliwauliza wagonjwa wanataka nini kila siku na sisi hakuwahi kutuuliza hata mara moja. Akatutoa wodini mwezi mzima, tufue na kulima bustani ya mboga, wagonjwa tusiwaguse. Baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kuwa na zaidi ya vibao vitatu, na aliyechoka aliweza kufuta jina lake mwenyewe. Mwanawetu alifuta lake mara mbili mwaka ule. Mimi nilifuta langu mara moja, ingawa roho iliniuma.

Msidhani wivu ulikwisha. Tuliporudi wodini wagonjwa waliendelea kumpenda yeye zaidi. Lakini nilianza kwenda kwake Jumapili baada ya misa, na Ayot akawa anamwita bibi, akinirekebisha Kiswahili changu kwa sauti ile ile ya Mwanawetu, jambo lililoniudhi. Tulichambua mchele tukisengenya.

Aliugua katikati ya mwaka 1978. Tumbo lilijaa, ngozi ikageuka njano. Sisi wenye kazi hiyo hatukuhitaji daktari atuambie. Hakutaka kuja kwetu kwa masista, alikaa chumba cha nyuma ya duka la Tajudin, nami nilimwogesha kila nilipotoka zamu. Mkewe Tajudin, Habibah, alikuwa akisimama mlangoni, akiogopa hata kushika beseni. Vita vilikuwa vimeanza mpakani na mjini kila mtu alikuwa anaongea kwa kunong'ona, lakini mimi niliwaza jambo moja tu. Safari hii hapakuwa na kibao wala mpinzani. Nilikuwa nimejiandaa. Mkono huo ulikuwa wangu.

Siku nilipoona imekaribia nilivuta kigoda nikakaa, nikamshika. Akauchomoa mkono wake.

"Mwiteni Habibah," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Habibah hajui kitu! Hata kugeuza mtu hajui!"

"Atajua. Maneno nimemfundisha."

"Na mimi je?" Nilipaza sauti mbele ya mtu anayekufa, na sijuti. "Miezi yote hii nani alikuosha? Hunitaki hata wewe?"

Aliyafumba macho akapumzika, akayafungua. "Ukinishika wewe utanihudumia. Nakujua. Utahesabu pumzi zangu, utanyoosha shuka, ukimaliza unawe mikono uende zako. Wewe sikutaki uwe mhudumu wangu, Rosalba. Wahudumu ninao. Nenda ukumbini, kaa mkekani na wafiwa."

Nikatoka nikiwa nimekasirika hata sioni mlango. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa, shangazi na mabinamu wamekaa, wakasogea kunipa nafasi. Nikakaa katikati yao na rozari yangu shingoni. Nilisikia sauti ya Habibah kutoka chumbani ikiyasoma yale maneno, ikikwama, ikianza upya, na wivu ukanichoma kama siku ya kwanza. Kisha sauti ikanyamaza.

Wanawake wa mtaa wakaanza kuingia. Walipita mmoja mmoja wakitupa mkono, pole mama, pole bibi, poleni sana. Wakinifikia walisita kidogo, kisha wakanipa mkono kama walivyowapa wengine. Mmoja, mzee sana, hakuuachia. Aliinama akaniuliza marehemu alikuwa nani wangu. Nikafungua mdomo niseme tulifanya kazi pamoja, na kilichotoka hakikuwa neno. Nililia hadi mwili ukanishinda, wakanishika mabega, wakanipepea kwa leso zao, wakaniambia lia mama, lia. Walidhani namlilia Mwanawetu peke yake, nami sikuwaambia kwamba nilikuwa nimechelewa miaka sita, na kwamba walikuwa wananipa pole za watu wawili.